Tisheti ya Siku 70

Soko la Chwele, saa tatu asubuhi. Kanta imerudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa vibanda na vijana wanashusha magunia ya vitunguu. Mmoja wao amevaa tisheti ya manjano yenye uso wa mtu kifuani. Paji la uso lipo, macho yapo, ila kuanzia puani kwenda chini wino umepasukapasuka kama tope la mtoni lililokaushwa na jua la Januari, na kidevu kimebanduka chote. Kitambaa chenyewe ni kizima. Hakina tundu wala mshono uliofumuka. Nilipomuuliza ni ya uchaguzi upi, alijitazama kifuani kwanza. "Ule mdogo," akasema, akainamia gunia jingine.

Ule mdogo ni uchaguzi wa eneobunge la Kabuchai wa 4 Machi 2021, ulioitishwa baada ya kifo cha mbunge James Lusweti Mukwe. UDA, chama kilichokuwa na jina jipya kabisa wakati huo, kilisimamisha mtu dhidi ya Ford Kenya, na Ford Kenya ikakichukua kiti kupitia Majimbo Kalasinga. Haukupita muda mrefu kabla vyama hivyo viwili havijaingia ndani ya muungano mmoja wa Kenya Kwanza, na kufikia Agosti 2022 wilbaro ya UDA na simba wa Ford Kenya walikuwa wakiombewa kura za urais kwenye jukwaa moja. Tisheti iliyogawiwa ili kumpinga simba ikawa, bila kubadilishwa hata uzi mmoja, tisheti ya rafiki yake simba. Na ilikuwa bado nguo nzuri tu ya kwendea shambani.

Nimewahi kula kwa kazi ya kuchapa nguo, na maswali yanayoulizwa kaunta nayajua kwa moyo: moja itanigharimu ngapi, na zitakuwa tayari lini? Swali la tatu halikuwahi kuulizwa na mteja yeyote niliyemhudumia, wala mimi sikumkumbusha: unataka kitu hiki kitumike hadi lini? Tunadhani jibu liko wazi, kwamba kadiri kinavyodumu ndivyo tangazo linavyopata faida. Si kweli. Kitu cha kugawa kina umri wake, wino uliochapwa juu yake una umri wake, na neno linalosemwa na wino huo nalo lina umri wake. Mara nyingi havizeeki pamoja, na kazi ya mpangaji ni kuamua kipi kitangulie kaburini.

Tuanze na neno, kwa sababu ndilo linalopimika kirahisi zaidi. Katika uchaguzi mkuu wa 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kipindi cha kampeni kuanzia 29 Mei hadi 6 Agosti. Hizo ni siku 70. Baada ya hapo ujumbe "mpigie fulani" hauna kazi, na kwenda nao kituoni siku ya kura ni kujitafutia matata. Kitambaa cha poliesta kilichobeba ujumbe huo, hata kile chepesi cha gramu 130 kwa mita mraba, kinaweza kuvaliwa shambani miaka mitatu au minne. Poliesta ni plastiki. Haiozi kwa jasho, hailiwi na ukungu kama pamba, hukauka upesi hata wakati wa mvua za Mei. Kwa hiyo mgombea amelipia siku 70 na kupewa zaidi ya siku elfu moja. Siku hizo za ziada si zake tena. Ni za anayebeba vitunguu, na kama mgombea alishindwa, uso wake unapitishwa sokoni kila siku ya soko ukitangaza kushindwa.

Wino nao una hadithi yake. Tisheti nyingi za kampeni huchapwa kwa skrini, kwa wino mzito wa plastiki ambao hauingii ndani ya uzi. Hukaa juu ya kitambaa kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Ili ushike, lazima uive: unene wake wote, juu hadi chini, ufikie joto la nyuzi 160 hivi. Oda ya tisheti 5,000 ikitakiwa Jumamosi na leo ni Alhamisi, fundi huongeza mwendo wa ukanda unaopitisha nguo ndani ya tanuri. Sehemu ya juu inaiva, ya chini inabaki mbichi. Ukiigusa ni kavu, ukiitazama inang'aa, na mteja anaondoka akitabasamu. Mfuo wa tatu au wa nne ndio unaoanika siri.

Lakini si kila mara ni haraka au ujanja. Poliesta ina mtego wake: ikipashwa sana, rangi ya kitambaa huanza kuhama na kupanda ndani ya wino. Herufi nyeupe juu ya tisheti nyekundu huamka siku ya pili zikiwa za waridi. Fundi anayejua hilo hupunguza joto ili kuokoa weupe, na akipunguza kupita kiasi wino hauivi. Yaani amechagua kati ya herufi za waridi leo na nyufa baada ya mwezi. Akiwa na wino ulioundwa kuiva kwa joto la chini atatoka salama. Wino huo una bei yake, na ni nadra mteja kukubali kuulipia.

Kuna njia nyingine, ambapo rangi hugeuzwa mvuke kwa joto linalokaribia nyuzi 200 na kuingia ndani ya uzi wenyewe wa poliesta. Hiyo haina cha kubanduka. Ukiifua hadi mikono ikuume, picha ipo. Inataka kitambaa cheupe au cha rangi hafifu, nayo hufifia taratibu kwa jua. Kwaya ya kanisa inayotaka sare ya miaka mitano na ichukue hiyo. Kwa siku 70 ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja.

Viwandani kuna vipimo vya haya yote. Uimara wa rangi kwenye ufuaji hupimwa kwa kiwango cha ISO 105-C06, nguo ikizungushwa pamoja na vigololi vya chuma ndani ya mtungi. Uimara kwenye mwanga hulinganishwa na vipande vya sufu ya buluu vilivyopangwa kuanzia 1 hadi 8. Ni vipimo vizuri, ila mtungi ule haujawahi kuona karai la Chwele. Hapa nguo hupakwa sabuni ya kipande, husuguliwa kwa kifundo cha mkono palepale penye doa, na doa la shambani hukaa kifuani, mahali palipochapwa uso. Kisha huanikwa juu ya senyenge, upande wa nje, jua la karibu na ikweta likiipiga hadi jioni. Kipimo changu kilikuwa cha kienyeji: chapa moja, mpe mama anayefua kwa mkono, aifue mara tano kwa wiki, kisha ivute kwa vidole gumba viwili. Ikipasuka wino, rudi kwenye tanuri.

Hapa ndipo ninapoachana na mafundi wenzangu. Wao husema wino mbaya ni wino unaotoka. Mimi nasema, kwa kitu cha siku 70, tatizo ni jinsi ulivyotoka. Wino mzito usioiva hufa vibaya: mdomo unatangulia, jicho moja linabaki, mheshimiwa anageuka kinyago. Wino wa maji, unaonywewa na pamba, hufifia uso mzima kwa pamoja na kwa heshima, hadi siku moja tisheti inakuwa tisheti tu. Mgombea mwenye akili angelipia kufifia.

Watu wa leso walishalijua hili zamani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalofahamika kwa Mali ya Abdulla, lilianza 1887, na tangazo lake limechapwa kwa herufi ndogo pembezoni mwa leso zake. Katikati mnaachiwa ninyi: mji wenye maua au embe, na jina, yaani ule msemo unaomfanya mtu anunue. Msemo hauna tarehe. Ulivyomchoma jirani mwaka jana utamchoma mwakani. Tangazo limejibanza pembeni na linaishi kwa kadiri leso inavyoishi, hata ikibebewa mtoto, hata ikigeuzwa pazia. Linganisha na leso za kampeni zenye picha ya mtu mji mzima. Uchaguzi ukipita zinashuka daraja: hutandikwa chini ya omena au hufunikiwa ndizi.

Hayo ni ya kuchekesha. La kutochekesha ni riflekta.

Tembea steji ya bodaboda Chwele, ile ya kuelekea Bungoma au ile ya Kimilili, uhesabu vizibao vyenye majina ya saruji, sacco, simu, mbegu na wanasiasa. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kizibao cha kumulika, kwa hiyo anayekigawa bure anapokelewa kwa shangwe. Kizibao hicho kina kazi mbili zisizofanana. Mchana na jioni kinachookoa ni kile kitambaa cha kijani-manjano kikali: rangi yake hunyonya mionzi ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga unaoonekana, ndiyo maana huonekana kama kinawaka. Usiku kazi ni ya ule utepe wa fedha, wenye vishanga vidogo vya kioo vinavyorudisha taa ya gari kulekule ilikotoka.

Sasa, jua linaloiwasha rangi ile ndilo linaloiua. Dereva wa bodaboda hushinda juani saa kumi au zaidi kila siku. Baada ya miezi kadhaa kizibao cha bei rahisi kimegeuka rangi ya uji. Utepe nao, kwa vumbi na kusuguliwa na begi la abiria, umepoteza vishanga. Ila jina la kampuni, lililochapwa kwa wino mzito mweusi, lipo vilevile! Hapa kitu kimekufa na neno halijafa, na aliyekivaa bado anajiamini kuwa anaonekana. Kiwango cha kimataifa cha mavazi haya, EN ISO 20471, kinataka kizibao cha daraja la pili kiwe na angalau mita mraba 0.50 za kitambaa kinachowaka na 0.13 za utepe, na lebo yake huonyesha idadi ya mifuo kinayostahimili. Vizibao vya kugawa nilivyovishika havikuwa na lebo yoyote. Tena kila sentimita ya nembo mgongoni inakula ile 0.50. Tangazo likikua, usalama unapungua.

Ningepewa kazi hiyo ningeigeuza hivi. Badala ya vizibao 300 vya kumwaga siku moja mbele ya kamera, ningetengeneza 100 kwa steji moja, kisha 100 baada ya mwaka, kisha 100 tena, na sharti moja: leta cha zamani uchukue kipya. Ndani ya shingo ningechapa mwezi na mwaka wa kukibadilisha. Nembo ingekaa kifuani upande mmoja, ndogo kama kiganja. Gharama haizidi sana, na kampuni inapata sababu ya kurudi stejini mara tatu. Nimewahi kulitoa wazo hili kwenye kikao. Likaonekana halina picha nzuri.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kofia. Nilipokea oda ya kofia 200 za kikundi cha wafuga kuku, nikachagua zile za bei ya chini, nembo nikaishonea kwa uzi ili idumu. Uzi ulidumu kweli. Lakini kile kilichofichwa ndani ya ukingo wa mbele kilikuwa karatasi ngumu, si plastiki, na ilikuwa Aprili. Mvua ya alasiri ilinyesha siku ya kwanza tu ya kuzivaa, zikafuliwa mara moja, na ukingo ukajikunja. Mayi, yaani mama, aliyekuwa mweka hazina aliniletea yake mkononi. "Mwanangu," akasema, "hii ni kofia ama ni mandazi?" Nikamwambia, Mayi, nisamehe. Hakuna jibu lingine. Tangu siku hiyo kofia yoyote naizamisha ndani ya ndoo kabla ya kuuliza bei.

Mifuko ilikuwa na kesi kubwa zaidi, nayo ilihusu nchi nzima. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 28 Agosti 2017, nafasi iliyoachwa ilijazwa na ile mifuko ya kitambaa kisichofumwa, nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto. Ikawa bango la kila duka na kila mkutano, na hoja yake ilikuwa kwamba hutumika tena na tena. Muda si mrefu ikaanza kutengenezwa myembamba, gramu zikishuka ili bei ishuke, vishikio vikigandishwa kwa joto badala ya kushonwa msalaba. Mapema 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza kuipiga marufuku nayo kuanzia 31 Machi mwaka huo, sababu ikiwa ni hiyohiyo: ubora ulikuwa duni kiasi kwamba haikuweza kurudiwa, ikawa taka kama ile iliyotangulia. Ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo muda wa kutumika wa kitu cha kugawa ulipandishwa hadi kuwa suala la serikali. Na ulipimika kirahisi sana. Tia gorogoro nne za mahindi, tembea nazo hadi nyumbani, rudia. Mfuko wa gramu 80 wenye kishikio cha kushonwa utakuzoea. Wa gramu 30 utaachia njiani, na mahindi yako utayaokota na kuku.

Wanaohesabu vizuri kuliko sisi sote ni watu wa chandarua. Chandarua chenye dawa ya kudumu, kama vile vinavyogawiwa bure Bungoma na kaunti nyingine zenye malaria, hupangiwa mifuo 20 na miaka mitatu hivi ya matumizi, na ugawaji hurudiwa kwa kadiri ya hesabu hiyo. Kinachonivutia ni kipimo chenyewe: mifuo, si tarehe pekee. Kikichakaa kinajulikana kitakakoenda, kwenye kitalu cha sukuma au kuzungushia vifaranga, ingawa wagawaji hawapendi kusikia hivyo.

Kuhesabu kwa matumizi kungewafaa wauzaji wa mbegu. Katika eneo hili, kuanzia Kitale kushuka hadi Chwele, Machi ndiyo mwezi wao, na kofia na aproni zao hutapakaa. Wao wana bahati ambayo wanasiasa hawana: neno lao huishi muda mrefu. Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi ya H614D yamekuwa mikononi mwa wakulima tangu 1986. Kofia iliyoandikwa jina la mbegu hiyo ingevaliwa hata miaka kumi na bado ingekuwa inasema kweli. Hapo ndipo pa kumwaga pesa: pamba nzito, ukingo wa plastiki, nembo ya uzi. Cha ajabu, nimeona kofia za namna hiyo zikiwa zimechapwa mwaka wa msimu, hivyo zikazeeka kufikia Desemba, na mabango ya karatasi yakiwa na jina la mbegu bila zaidi. Vilibadilishana mahali. Kama kuna nafasi iliyobaki kwenye kofia, andika kitakachomfaa mtu kila msimu: kwangua kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, kwenye pakiti, tuma namba kwa 1393, ujue kama mbegu ni halali.

Kalenda ndicho kitu pekee kilichozaliwa na tarehe ya kufa, na kwa hiyo ndicho kinachopaswa kupangwa kwa urahisi zaidi. Lakini agroveti nyingi huigawa pamoja na ununuzi wa mbegu, mwishoni mwa Februari au Machi. Imeshapoteza miezi miwili kabla ya kufika ukutani, na ukutani kuna nyingine iliyotangulia kutundikwa Desemba, ya kanisa au ya shule. Msumari ni mmoja. Mimi ningechapa ya agroveti kuanzia Machi hadi Februari, ifuate mwaka wa mkulima: kupanda, kupalilia, kutia mbolea ya juu, kuvuna, kukausha. Ingekuja mkononi ikiwa nzima, na Januari, kalenda nyingine zinapogeuzwa majalada ya daftari, hiyo ingekuwa bado kazini.

Ingawa kalenda nazo hukaidi. Kwenye hoteli moja ndogo nyuma ya soko, mwenyewe, mzee tunayemwita Papa, ametundika kalenda ya 2015 ya agroveti ambayo ilishafungwa. Nilidhani ni pambo. "Soma vizuri," akaniambia. Nikasoma. Mwaka 2015 ulianza Alhamisi, na 2026 umeanza Alhamisi. Tarehe zote zinaangukia siku zilezile. Hata Pasaka, inayohamahama, imeangukia 5 Aprili miaka yote miwili. Idi ndizo zilizohama. Karatasi imekuwa ya hudhurungi kwa moshi, kibati cha juu kimeshika kutu, na chini kabisa kuna namba ya simu ya duka ambalo halipo, ikisubiri wateja kwa mara ya pili.

Nilimwonyesha kasoro moja: 10 Oktoba imechapwa nyeusi, kwa kuwa wakati ule haikuwa ikisherehekewa, na sasa ni sikukuu, Siku ya Mazingira. Papa akavuta droo, akatoa kalamu nyekundu yenye jina la sacco ubavuni, akaizungusha juu ya tarehe. Haikuandika. Akaipulizia pumzi ya moto, akaichorachora kwenye kiganja, akajaribu tena, ikatoa nusu duara.

"Nusu inatosha," akasema. "Watu watapumzika nusu siku."